Ndiyo ya Kihispania

Haya yalimkuta rafiki yangu Domo, aliyekwenda ng'ambo kusoma chuo na Kihispania cha kuulizia choo tu. Jioni moja, akisubiri nguo zake kwenye mashine ya kufulia, alimpigia mama yake.

"Tena wewe?" mama akacheka. "Si umenimiminia Kihispania mchana kutwa, nami naitikia 'sí, sí', ile ndiyo uliyonifundisha."

"Mama, leo sijakupigia. Aliuliza nini huyo?"

"Nitajuaje, baba? Na mbona hukusema unarudi? Umeme umekatika, lakini nakusikia sebuleni unavua viatu."

Domo akamsihi asiende, lakini simu ilikwishawekwa mezani.

"Karibu, mwanangu," mama akasema kwa mbali.

Sauti iliyomjibu ilikuwa ya Domo, na Kihispania chake hakikuwa na kosa hata moja.