Taa ya Anusaya

Kila asubuhi Dagdu alikamua nyati wake wa kufugwa, na mkewe Hirabai alipika mikate ya mtama. Surekha, jirani yao, alipita kuchukua maziwa kabla ya kwenda kazini. Alikuwa kondakta wa mabasi mekundu ya serikali ya jimbo la Maharashtra, India.

"Babu, mbona umenuna?" Surekha aliuliza. "Diwali imefika, wenzako wanacheka."

"Jana mpwa wake alipiga simu kutoka Barshi," Hirabai alijibu.

Barshi ndiko alikoolewa Anusaya, mdogo wake Dagdu. Siku ya mwisho ya Diwali, sikukuu ya taa, kaka humtembelea dada yake. Dada humzungushia taa usoni na kumwombea maisha marefu. Kaka naye huweka fedha kwenye sinia. Dagdu hakuwa amekwenda kwa miaka mitatu. Nauli ilimeza fedha yote, na kwenda mikono mitupu aliona aibu.

"Mwaka jana Anusaya alitoka kwenda uani, akauzungushia mwezi taa," Dagdu alisema. "Hivyo hufanya mwanamke asiye na kaka. Mimi ni mzima, nakamua nyati, na dada yangu ameshanizika."

Surekha aliweka chini kopo la maziwa. "Babu, una miaka mingapi?"

"Kitambulisho kinasema sabini na saba. Tarehe moja Juni."

"Huyo alizaliwa na mwalimu," Hirabai alisema. "Siku ya kuanza shule, mwalimu aliwaandika watoto wote tarehe moja Juni."

"Basi mwalimu huyo amekufaa, babu. Aliyetimiza miaka sabini na tano hupanda mabasi yetu bure, popote ndani ya jimbo. Bibi naye hulipa nusu, kama wanawake wote."

"Nimesikia hayo," Dagdu alisema. "Lakini tangu nizaliwe sijapanda gari bila tiketi. Mkaguzi akiingia, nitateremshwa kama mwizi, na mvi zangu hizi."

"Nani kasema bila tiketi? Unamwonyesha kondakta kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Anakukatia tiketi ya sifuri. Itunze mpaka ushuke. Ukibadili basi, unakatiwa nyingine."

"Mbona wale wanaonichukua hapa mlangoni wananitoza nauli nzima?"

"Hayo ni magari ya watu binafsi, hayana habari na umri wako. Tembea mpaka kituoni, upande basi jekundu."

"Sitaki sadaka, binti yangu."

"Si sadaka, ni haki yako. Kitambulisho kiko wapi?"

Dagdu alimtazama mkewe. Kilikuwa kwenye sanduku la bati, chini ya sari ya harusi, na Hirabai alikuwa ameuficha ufunguo mpaka akasahau alikouweka. Waliutafuta nyumba nzima. Ulikutwa ndani ya mtungi wa dengu.

Siku ya safari, Dagdu alimpa kondakta kitambulisho. Kondakta alikisoma, akamkatia tiketi. Dagdu aliikunja, akaiweka ndani ya kofia yake. Walipobadili basi, alipata ya pili. Njiani mkaguzi aliingia. Dagdu alivua kofia kabla hajaulizwa.

"Sawa kabisa, mzee," mkaguzi alisema. "Safari njema."

"Mwizi gani huyu anayetabasamu?" Hirabai alinong'ona.

Walifika Barshi jua likizama. Anusaya alikuwa uani, ameshika sinia yenye taa. Uso wake ulikuwa umeelekea magharibi, mahali mwezi mwembamba ulipokuwa ukionekana.

"Anusaya," Dagdu aliita.

Anusaya aligeuka. Alimkalisha kaka yake, akampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, akamzungushia taa polepole. Dagdu alilia bila kuficha. Kisha aliweka kwenye sinia fedha yote ambayo zamani ingekwenda kwenye nauli.

Anusaya hakuitazama fedha. "Mwakani je, kaka?"

"Nitakuja. Na kabla ya hapo nitakuja mara nyingi mpaka unichoke. Tiketi yangu ni sifuri."

Anusaya alifuta machozi kwa ncha ya sari, akatazama juu.

"Basi mwezi utafute dada mwingine," alisema.