Kijitoni Hakuna Kijito

Usijifanye huoni. Umepita Kijitoni mara ngapi, pua umeiziba, uso umeugeuza? Shimo la wachonga mawe tulilifanya jaa. Pempasi, chupa, vifuu, vyote humo. Mimi sijasahau. Hapo ndipo mama zetu walipochota maji. Kata ya kifuu ikigonga ndoo, kicheko kinafuata, na harufu ya asumini inabaki njiani. Leo watoto wanauliza, "Kijitoni, kijito kiko wapi?" Nawe unacheka nao.

Basi sikiliza yaliyowapata Masoud na mkewe, Bi Mwatum, hapa hapa kwetu maweni, Micheweni.

Kisima chao kiliingia chumvi. Bi Mwatum akawa anachemsha muhogo bila kutia chumvi, na bado mumewe anakunja uso. Chai ndiyo usiseme.

"Nazidisha kuchimba," alisema Masoud. "Maji matamu yako chini. Yasipopatikana, tunahamia mjini Madungu kwa mwanetu."

"Hama wewe. Mie kaburi la mamangu liko hapa."

Masoud akachimba. Kila akishuka, chumvi inazidi.

Siku moja akaja Khairat, binti wa jirani, aliyesomea miamba. Akayaonja maji, akayatema.

"Mzee Masoud, usichimbe tena. Huku kwetu maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukizidi kushuka, unaifuata bahari."

"Mgongo wote huu umekatika, kumbe naifuata bahari?"

Bi Mwatum akacheka mpaka akakaa chini. "Hongera, mume wangu! Umefika baharini bila ya ngalawa." Kisha akainuka. "Mamangu akichota Kijitoni. Kamba yake haikuzidi kimo cha mtu."

"Kwenye jaa lile?" aliuliza Masoud.

"Twendeni tukatazame," alisema Khairat.

Shimoni, Khairat aliugusa ukuta wa mawe.

"Tabaka la chini ndilo la kale. Tazameni, matumbawe na makombe. Hapa palikuwa bahari. Juu yake udongo mwekundu, una maganda ya konokono wa porini. Bahari ilirudi nyuma, pakawa nchi kavu."

Wakasogea mbele. Hapo matabaka yote mawili yalikuwa yamekatwa, kama mfereji uliojazwa. Masoud akachomoa kokoto.

"Mviringo kama kalimati! Nani kaisugua?"

"Maji yaendayo mbio, Mzee, kutoka vilimani. Kokoto kubwa hivi husukumwa na mvua kubwa. Juu yake mchanga laini: mvua zilipungua, kijito kikachoka, kikafukiwa. Na chini ya kokoto, huu udongo wa mfinyanzi. Ndio unaoshika maji ya mvua yasizame kwenye chumvi."

Bi Mwatum aliichukua ile kokoto, akaifumbata. "Kumbe wazee walikiona kijito."

"Hapana, Bi Mwatum. Hicho ni cha kale kuliko mtu yeyote. Wao waliona maji yakichuruzika hapa wakati wa masika, wakapaita hivyo. Lakini njia ni ile ile."

Waliwaita majirani, wakazoa taka. Wakachimba kisima kifupi, wakakomea kwenye mfinyanzi bila ya kuutoboa. Wakakijengea ukingo na kifuniko. Masika ikapita, ikauosha mchanga uchafu wa taka. Maji yakapimwa, yakaonekana salama. Ndipo wakanywa.

Siku ile Masoud alitafuna muhogo, akasita.

"Mke wangu, mbona hauna chumvi?"

Bi Mwatum alikuwa amesahau. Mkono ulishazoea kutotia.

"Alhamdulillahi!" akasema, na machozi yakamtoka. "Hauna chumvi!"

Madungu hawakuhamia. Sasa kata inagonga tena Kijitoni, nami nikiisikia nasimama njiani kama mtoto.

Lakini upande wa juu wa shimo bado una taka. Zako. Weka chini huo mfuko wa taka ulioushika. Chukua pauro la kuzolea, njoo Kijitoni sasa hivi. Na kama shimo lenu liko kwengine, anza na hilo leo, kabla mvua haijaanguka.