Koleo la Wajdi na Umeme Usioaminika

Mtaani kwetu, Tripoli, umeme huja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Tangu vita viishe tunaambiwa, "Subirini." Wa serikali ukikatika, tunatumia wa jenereta ya mtaa. Mwenye jenereta naye huizima adhuhuri, eti ipoe.

Adhuhuri moja Hiyam alikuwa jikoni akikatakata kotimiri. Mumewe, Wajdi, alipiga magoti mbele ya soketi ya friji iliyoungua. Alikuwa na koleo jipya alilonunua kwa muuza mkokoteni, lenye mikono ya mpira mwekundu.

"Umezima swichi kubwa?" Hiyam aliuliza.

"Nizime nini, na umeme haupo?"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Abu Nizar, fundi umeme, jirani wa ghorofa ya juu. Hiyam alimtazama kwa jicho la pembeni. Nani amemwambia huku kuna kazi?

"Nimesikia ukigongagonga ukuta," alisema Abu Nizar. "Wajdi, usiguse waya."

"Unatafuta kibarua, bwana? Hapa hupati hata kahawa."

"Kahawa ya mkeo naijua, nashukuru. Nipe hilo koleo."

Abu Nizar alivuta mpira mwekundu wa mkono mmoja. Ukavuka kama soksi, chuma kikabaki kitupu.

"Koleo la umeme, mpira wake umeshikana na chuma. Hauzunguki, hauvuki. Na lina alama ya volti elfu moja."

"Alama hata mwenye mkokoteni anaweza kuichapa," Hiyam alidakia.

"Kweli. Kwa hiyo soma, kisha uvute. Tena nunua kwenye duka unaloweza kurudi kugombana nalo."

"Mafundi nyote lenu moja," Wajdi alisema. "Mnatutisha ili tuwaite." Akanyoosha mkono kwenye waya.

Hiyam akamdaka kiganja. "Subiri!"

Chini uani jenereta ikanguruma. Saa yake ilikuwa bado. Abu Nizar alitoa testa ya ncha mbili, kipima umeme chake, akagusisha nyaya za soketi. Taa ya testa ikawaka.

Wajdi akakaa sakafuni. "Mbona mapema?"

"Kwani lini waliwahi kutueleza? Umeme uliokatika si umeme uliozimwa. Zima mwenyewe swichi zote mbili, ya serikali na ya jenereta. Kisha pima. Na testa usiiamini bure: ijaribu kwangu, penye umeme, kabla ya kupima na baada yake."

Kesho yake Wajdi alikwenda dukani. Alivuta mpini wa kila koleo na kila bisibisi.

"Unanunua au unang'oa?" muuzaji alifoka.

"Vyote viwili," alijibu Wajdi.

Nyumbani alizima swichi zote mbili, akapima kwa testa ya Abu Nizar, akiijaribu kwake kabla na baada, ndipo akabadilisha soketi. Hiyam alisimama mbele ya swichi kama askari, mtu asizisogelee. Abu Nizar akaja kukagua kabla soketi haijafungwa. Akanyoosha kidole kwenye waya.

"Pima kwanza," alisema Hiyam.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akapima. Soketi ikafungwa, swichi zikawashwa, friji ikaanza kuvuma.