Buti Zilizotembea Kitandani

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia vilima vya Kalama, Kavindu alikuwa ameshateremka mtoni na kupanda tena, jerikeni la maji mgongoni, na ule ukanda wa ngozi uitwao mukwa ukiwa umelikaza paji la uso wake. Njia ilikuwa ya mawe na changarawe. Aliipita pekupeku bila kutazama chini, kwa maana nyayo zake ziliijua njia ile kama ulimi unavyoyajua meno.

Ulikuwa mwaka wa 1999, na Kavindu alikuwa darasa la saba. Mwezi wa Agosti, wasichana sita wa kikundi cha skauti, yeye akiwamo, wangetembea kwa miguu siku nne, kutoka Kalama hadi chini ya mlima Donyo Sabuk, wakilala kwenye hema na kujipikia wenyewe. Sharti lilikuwa moja: wafike wote sita, au asipate beji hata mmoja.

Mlezi wao, Mwalimu Nzisa, alikuwa mwanamke mpole asiyependa kurudia maneno. Aliwaagiza kila mmoja aende kanisani Jumapili tatu akiwa amevaa viatu vya safari, na ateremke mtoni akiwa na mzigo wake wote mgongoni. Hema kuukuu la shule walilisimamisha uwanjani, wakaona limetoboka pembeni, wakalitia kiraka.

"Tujaribu kila kitu hapa hapa," alisema, "tungali karibu na mama zetu."

Sasa, Kavindu alikuwa ameletewa buti mpya na shangazi yake, Kamanthe, aliyefanya kazi Athi River. Zilikuwa za ngozi ya kahawia, zenye soli nene na harufu ya dukani. Hakuwahi kumiliki kitu kizuri kama hicho. Jumapili ya kwanza alizitazama, akaitazama barabara yenye vumbi jekundu, akazirudisha chini ya kitanda zikiwa zimefungwa kwa gazeti. Jumapili ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu alifunga mlango, akazivaa, akapanda kitandani, akatembea juu ya godoro huku na huku ili soli zisichafuke.

Nyanya yake, aliyemwita Susu kama wafanyavyo Wakamba, alisikia kitanda kikilia, akafungua mlango. Alisimama pale, mkono kiunoni.

"Ng'ombe hafundishwi plau siku ya kupanda, mjukuu wangu," alisema, akaenda zake jikoni.

Mwalimu alipouliza kama amezitembelea zile buti, Kavindu alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Moyoni alijiambia kwamba si uongo kamili. Si alitembea?

Siku ya kwanza walivuka mji wa Machakos na kupanda vilima vya Iveti, ukungu ukiwalowesha nyusi. Wambura, msichana mwenye mdomo mwepesi ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Kithimani, alizitazama buti zinazong'aa akauliza kama zinaenda harusini ama Donyo Sabuk. Wote walicheka, hata Kavindu. Lakini jioni, Wambura hakucheka tena, kwani mkanda wa begi lake la kupendeza, ambalo hakulijaribu na mzigo, ulikatika, ikabidi aufunge kwa kamba ya katani. Mumbua, rafiki ya Kavindu, alikuwa amebeba vitu vyake kwenye gunia lenye mukwa, na miguuni alivaa raba kuukuu zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni. Gunia halikumsumbua, wala raba. Nalo hema lenye kiraka halikuingiza hata tone la umande.

Kavindu aliyaona hayo yote. Kisigino chake kilikuwa kinawaka.

Siku ya pili waliteremka kuelekea Kathiani. Kwenye mteremko, miguu ilisukumwa mbele na kurudi, mbele na kurudi, na kwa kila hatua Kavindu aliona kama kuna kaa la moto ndani ya soksi. Alijua lengelenge limepasuka. Alijua pia kwamba akisema, uongo wake utajulikana, na pengine wenzake watano watarudishwa nyumbani kwa ajili yake. Alianza kubaki nyuma. Bila kumuuliza kitu, Mumbua akamchukulia sufuria na vigingi vya hema.

Adhuhuri Mwalimu Nzisa aliwasimamisha kando ya njia, akamuuliza Kavindu ana nini.

"Ni tumbo, Mwalimu."

Neno hilo lilimtoka upesi, kwa sababu tumbo halionekani. Lakini uso wa Mwalimu ulibadilika. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu ugonjwa wa tumbo uwalaze watu wengi bondeni kwao. Alimgeukia Mumbua, ambaye kazi yake ilikuwa kuchemsha maji ya kunywa.

"Mumbua, maji ya asubuhi yalichemka kweli?"

"Yalichemka, Mwalimu. Yalitokota, nikahesabu hadi mia tatu."

"Labda ulihesabu ukikimbia," Wambura akanong'ona.

Mwalimu aliamuru maji yote yamwagwe. Alisema hawezi kuhatarisha watoto wa watu, atatafuta gari la kuwarudisha Kalama. Mumbua hakulia wala kujitetea. Aliinamisha jerikeni, akayatazama maji yakinywewa na mchanga, kisha akafuta kifuniko kwa pindo la sketi yake, polepole, kana kwamba kosa lilikuwa limebaki hapo.

Kavindu hakuweza kuendelea kutazama. Kisigino kiliuma, lakini kumwona Mumbua vile kuliuma zaidi.

"Mwalimu, si tumbo," alisema. "Ni mguu. Sikuzitembelea buti. Nilitembea nazo kitandani tu. Mumbua hajakosea."

Akaketi chini, akavua. Soksi ilikuwa imegandamana na damu. Ndipo Kavindu akamgeukia rafiki yake, akamwomba msamaha, machozi yakimtiririka. Mumbua alisema tu, "Ungeniambia, ningekuazima raba," akaokota jerikeni tupu na kuanza kurudi kwenye kisima walichokuwa wamekipita. Wambura alimfuata mbio, akalishika upande wa pili.

Mwalimu aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalifunga vizuri. Kisha akatoa kisu, akaziweka buti mbele ya Kavindu. Sehemu ya nyuma ikikatwa, alieleza, kisigino kitapumua, naye ataweza kutembea taratibu. "Lakini ni zako. Amua wewe."

Kavindu alizitazama buti zake. Alikishika kisu, akakata ngozi mpya kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa ni kandambili za kifalme," alisema Wambura waliporudi na maji. Safari hii kicheko kilikuwa cha upole.

Walitembea polepole, wakipokezana mzigo wa Kavindu. Siku ya nne, jua likielekea kutua, walifika chini ya Donyo Sabuk, wote sita. Mwalimu Nzisa alipowabandika beji alisimama mbele ya Kavindu.

"Viatu vyako vilikuumiza kisigino tu," alimwambia. "Uongo wako ulitaka kumwangusha mwenzako. Kiatu kijaribu mapema, na jeraha liseme mapema. Likiwa dogo, sote tunaweza kulibeba."

Kavindu hakuyasahau maneno yale. Wala hakusahau jinsi Susu alivyozipokea zile buti zilizokatwa, zenye vumbi la Iveti, Kathiani na Tala. Alizigeuza, akazitazama soli zilizoanza kulika, kisha akaingiza miguu yake mwenyewe humo na kuelekea zizini kukama ng'ombe.

"Hizi sasa," alisema bila kugeuka, "zimejua plau."