Mbavu za Bi Hajra

Kila Jumamosi Marselina aliamka mapema, akafagia uwanja, akachota maji bombani na kuosha vyombo kabla jua halijawa kali. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, binti wa Mwalimu Makrina, na tangu wahamie Ruangwa kutoka Songea hakuhitaji kusukumwa kufanya kazi za nyumbani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiambiwa afanye jambo sasa hivi, moyoni alijibu, "Baadaye kidogo."

Jumamosi hiyo walikuwa na mgeni. Jirani yao, Bi Hajra, alikaribishwa chakula cha jioni. Mwalimu Makrina alipougua malaria hadi akashindwa kuinuka kitandani, bibi huyo ndiye aliyempikia uji na kukesha naye. Sasa walitaka kumshukuru. Baba, mzee Amedeus, ambaye alikuwa fundi wa magari Nachingwea, alileta mbavu za mbuzi asubuhi kisha akarudi kazini hadi kesho yake.

"Amechinja Mwislamu, nimeuliza mwenyewe," alimwambia mkewe. "Mgeni wetu ale bila wasiwasi."

Mama alizipaka mbavu chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, akazifunika kwenye bakuli. Alikuwa na kikao shuleni mpaka jioni.

"Marselina, leo jiko ni lako," alisema huku akivaa viatu. "Pika wali wa nazi, kisamvu na kachumbari. Mbavu uzichome mwisho, kwa makaa yasiyo makali. Lakini kwanza ingiza lile gunia la mkaa ndani. Umeliona wingu lile?"

"Sawa, mama."

"Na maganda ya korosho ya Bi Hajra usiyaguse kabisa. Mafuta yake yanaunguza. Kuna mtoto darasani kwangu viganja vimembabuka."

Maganda hayo yalikuwa kwenye magunia chini ya ukingo wa paa la Bi Hajra. Bibi alikuwa katika kikundi cha akina mama wanaobangua korosho, na maganda yalisubiri watu wa tanuri la matofali waje kuyachukua kwa kuwashia moto.

"Sawa, mama."

Sawa hiyo, jamani! Aliitoa kama mtu anayefukuza nzi. Mama hajafika hata barabarani, Rabia, rafiki yake, akatokea na mpira wa soksi. Wakacheza rede. Wingu likasogea, likawa jeusi, upepo ukavuma na vumbi. Marselina alilitazama gunia la mkaa uani, akajiambia, "Baadaye kidogo." Mara mvua ikashuka kwa kishindo. Rabia akakimbilia kwao. Marselina alipolifikia gunia, mkaa ulikuwa umelowa chapachapa.

Ndani kulikuwa na ndoo yenye mkaa mkavu kidogo. Aliuwasha, akapika wali, ukaiva vizuri. Akabandika kisamvu, nacho, kwa kuwa hutaka moto mrefu, kikaula mkaa wote. Kilipoiva, jikoni palibaki majivu. Mbavu zilikuwa bado mbichi.

Mvua ilikatika, lakini mbingu haikufunguka. Umeme nao ulikuwa umekatika. Mlango wa Bi Hajra ulikuwa na kufuli, na kwingine aliona aibu kuomba mkaa. Marselina alisimama uani akiwaza mama atakavyomtazama. Siku ya kwanza anaachiwa jiko, tena kwa ajili ya mgeni kama huyu! Macho yake yakaenda yenyewe kwenye yale magunia, makavu kabisa chini ya paa.

"Mama amesema nisiyaguse," alinong'ona. "Nitayachota kwa kopo. Hapo sijayagusa."

Hee, Marselina! Mtu akianza kujitetea mwenyewe hali hajashtakiwa, ujue amekwisha potea.

Maganda yalishika moto upesi mno. Yalilia, yakatoa povu jeusi, na moshi mzito ukapanda, haukutaka kwenda juu, ukatambaa uani na kuziingia mbavu. Macho yalimchoma. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kila alipogeuza nyama, matone meusi yaliruka na kumpata vidoleni. Kipande kimoja kilianguka. Paka wao, ambaye siku zote huiba hata dagaa wa kwenye sufuria, alikisogelea, akakinusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Alikwenda kukaa mbali, akimkodolea macho.

Marselina alijua nyama imeharibika. Tusimsingizie ujinga, alijua kabisa. Lakini alichukua kisu, akakwangua weusi, akakamulia ndimu nyingi na kunyunyiza pilipili. Alionja kidogo pembeni. Mdomo ukamwaka moto.

"Ni pilipili tu," alijiambia. Halafu akayafukia haraka majivu ya yale maganda.

Mama alirudi pamoja na Bi Hajra na mjukuu wake, Imrani, mtoto wa miaka minne. Marselina alimwamkia bibi akiwa ameficha mikono nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mungu akukuze. Leo nami nimepikiwa!"

Waliketi mkekani kwa mwanga hafifu wa taa ya sola. Madoa meusi hayakuonekana. Bi Hajra alikuwa ameshinda kikundini akibangua korosho kutwa nzima, pua yake ilishaizoea harufu ile, na wengine walisikia ndimu na pilipili tu. Marselina aliwanawisha mmoja mmoja. Maji yalipomgusa vidole, alihisi kama vimechomwa sindano, na midomo ilikuwa imeanza kuvimba. Sasa hakuweza tena kusema ni pilipili.

"Bismillahi," alisema Bi Hajra.

Sema, Marselina alijiambia. Sema sasa. Na ile sauti yake ya zamani ikamjibu, baadaye kidogo. Imrani hakusubiri mtu. Alinyakua ubavu mkubwa kuliko wote, akafungua mdomo.

"Usile!"

Marselina aliupiga ule mkono, mfupa ukaruka hadi ukutani. Imrani akaangua kilio.

"Marselina!" Mama aliinuka. "Unampiga mtoto wa mgeni? Una wazimu?"

"Nimezichoma kwa maganda ya korosho, mama," alisema, na kilio kikamtoka. "Mkaa ulilowa. Nilikuwa nacheza. Nikaogopa kukwambia. Msile, zinaunguza, nimeonja!"

Bi Hajra alimvuta Imrani kwenye taa, akamtazama midomo, akamfuta vidole.

"Alhamdulillahi, haijamfika," alisema. Kisha akamgeukia Marselina. "Lete hiyo mikono."

Aliipaka mafuta ya kula, akaisugua taratibu, kisha akaiosha kwa sabuni mara kadhaa. Ngozi ilikuwa nyekundu, na malengelenge yalianza kutokea. "Asubuhi na mapema aende zahanati, Mwalimu. Na hizo mbavu zifukiwe chini sana, mbwa wasizifikie."

"Nisamehe, bibi," alilia Marselina.

"Nimekusamehe. Ila leo umenitisha, mwanangu."

Mama alizifukia mbavu zote, asibakize hata mfupa. Aliporudi, hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Marselina zaidi.

"Mkaa kulowa ni kosa dogo," alisema. "Ungeniambia, tungekula wali na kisamvu tukacheka. Wewe ukalifunika kosa dogo kwa kosa kubwa, ukalipakua kwenye sahani ya mtu aliyeniuguza. Umesema kweli mwishoni, nashukuru. Lakini ilibaki kidogo sana."

Wakaanza kula wali na kisamvu. Imrani, machozi bado shavuni, alimega tonge, akalifikisha mdomoni, akasita. Alimtazama Marselina.

"Dada, hili nile?"

"Kula, Imrani."

Akala. Akamega jingine, akasita tena. "Na hili?"

Marselina aliinamisha kichwa. Mama alimshika begani.

"Mjibu," alisema kwa upole. "Anayekula hajui kilichotokea jikoni. Anamwamini aliyepika. Usiwafiche kitu wanaokuamini, mwanangu, hata ukijua utagombezwa. Mjibu kila atakapouliza."

"Kula, Imrani," alisema Marselina, akijifuta machozi kwa mkono wa gauni. Na mtoto yule aliuliza kwa kila tonge, mpaka sahani ikawa tupu.