Bangili za Duara la Kharumwa

Mistari miwili ilizidi kwenye jedwali la popo. Klara alihesabu tena, macho yakimuwasha, na bado popo walikuwa mia mbili na kumi na wanne, ilhali yeye na mwenzake wa utafiti, Agapiti, walikuwa wamewavalisha bangili popo mia mbili na kumi na wawili tu, ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu lililoachwa kule Kharumwa.

Ilikuwa siku ya nne ya mafunzo ya juu ya takwimu mjini Ushirombo. Walifundishwa hesabu ya mnyama unayemkamata, ukamtia alama, ukamwachia, kisha ukamkamata tena, ili ukadirie wako wangapi kwa jumla. Klara alikuwa na miaka hamsini na mmoja na mgongo ulikuwa unamuuma. Akaifuta ile mistari. Baada ya chai akaikuta imerudi, na kila mmoja ulionyesha mnyama aliyekamatwa siku hiyohiyo.

Mkufunzi, Dakta Mwita, alisema ni makosa ya kuingiza takwimu.

Mchana ukumbi ukaanza kunuka kinyesi cha popo na mawe mabichi. Watu walilaumu vyoo, wakafungua madirisha. Agapiti akatoka kunawa uso, asirudi. Saa nzima ilipita kabla Klara hajamkuta nyuma ya tangi la maji, nguo zimelowa tope jekundu, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Mama Salome, nilishikwa na kitu," alinong'ona, akimwita Klara kwa jina la bintiye. "Nikageuzwageuzwa kama tunavyowageuza wao. Kikanipima mkono, kikanipumulia usoni, kisha kikaniachia."

Kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na pete ya kijivu iliyozama nyamani, baridi kama bati la alfajiri. Klara alipandisha taratibu mkono wa blauzi yake, akijua kabla hajaangalia, akitamani asiangalie, akikumbuka kwamba asubuhi alisinzia kidogo juu ya dawati na kuzinduka akiwa na udongo chini ya kucha, na pete yake ilikuwa pale.

Kesho yake walikwenda Kharumwa kwa mganga aitwaye Mbuke, bibi mfupi aliyekuwa akipepeta karanga. Klara akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Wakamsimulia yote. Agapiti aliahidi mbuzi, bibi akakataa.

"Mwenye nyumba hataki damu," alisema. "Mmewatia alama watu wake, naye anawatia nyinyi. Kawavueni zote."

Wakawavua. Siku tatu waliingia duarani mchana, popo wakiwa wamelala, wakawakamata mmoja mmoja kwa wavu wa mkono na kuzifungua bangili kwa koleo ndogo. Kila bangili ilipotoka, kitu fulani huko chini kilishusha pumzi, na upepo wenye joto ukapanda hadi magotini mwao. Siku ya kwanza walitoa tisini. Siku ya pili themanini na moja. Siku ya tatu walipata ishirini na saba, kisha kila popo waliyemshika alikuwa mkono mtupu.

Pete ya Agapiti ilikuwa imefifia hata haionekani. Alikaa juu ya kifusi akilia kimyakimya kwa uchovu.

Klara akatoa daftari, akakokotoa kama walivyofundishwa: waliokufa tangu mwaka jana, waliohama, wanaokwepa wavu. Jibu lilikuwa moja: bangili moja bado imo duarani. Aliirudia hesabu, ikabaki moja. Chini ya blauzi mkono wake ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani.

"Zimebaki ngapi?" Agapiti aliuliza.

"Hakuna. Nenda nyumbani ukaoge, watoto wanakungoja."

Akamdanganya kwamba yeye angelala kwa Mbuke. Mlio wa gari ulipopotea upande wa barabara kuu, Klara alivaa taa ya kichwani, akachukua wavu, akashuka.

Huko chini kilichokuwa kikihema kikanyamaza, kama mtu anayebana pumzi asimshtue mnyama anayetaka kumkamata.