Tiara Isiyovuma

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipotoka nyumbani, tiara begani na kitabu kwapani, nikielekea makaburini mbiombio kama mume aliyechelewa. Na kweli nilikuwa mume aliyechelewa. Zenaida wangu alikata roho mwezi wa tatu, saa mbili usiku. Saa hiyo mimi nilikuwa jukwaani mji mwingine, nimevaa sketi na matiti ya maputo, watu wamevunjika mbavu. Simu nilikuwa nimeizima. Nilichotaka siku hii ya wafu kilikuwa neno moja tu kutoka kwake: nimekusamehe.

Hapa Sumpango, salamu kwa marehemu hupandishwa kwa tiara. Vijana wa mtaani hutengeneza za kwao kwa miezi mitano, kubwa kama ukuta wa kanisa. Mimi nilitengeneza yangu kwa siku mbili, kwa kitabu cha wanaoanza nilichonunua sokoni. Mianzi sita, karatasi laini za rangi, gundi ya unga wa ngano. Kila hatua ina picha yake, na kwenye kila picha kuna mtu anatabasamu. Yule mtu alinitia moyo sana.

Nilikuwa nimengoja vijana waondoke ili wasinicheke. Sikungoja vya kutosha. Chepe, fundi wao mkuu, alinikuta langoni akiwa na wenzake.

"Mjomba Lolo, hiyo ni tiara au umeanika shuka?"

"Nimefuata kitabu."

"Na kuoga ulijifunza kwa kitabu? Maana nako hukumaliza kurasa."

Wakacheka, nikacheka nao. Mzaha mzuri hauna mwenyewe. Wakaenda kuchoma tiara zao ndogo, maana kwetu tiara hailali angani.

Ndani alibaki Bibi Tránsito peke yake, anapanga maua ya njano juu ya kaburi la mwanawe. Ubani ulikuwa bado unanukia. Upepo ukaja... nikaachia uzi.

Ikapanda. Naapa, ilipanda vizuri kuliko ya kwenye picha. Nikachukua kikaratasi nilichoandika "Nisamehe, Zenaida", nikakitoboa, nikakipachika kwenye uzi. Upepo ukakisukuma juu... juu... mpaka kikapotea machoni.

Bibi Tránsito akaacha maua yake.

"Lolo mwanangu," akanong'ona, "mbona tiara yako imenyamaza?"

Kweli. Tiara za kwetu huvuma. Pembezoni hubandikwa karatasi zilizochanwachanwa kama nywele, upepo ukizipiga zinanguruma kama mzinga wa nyuki. Mvumo ule nimeusikia tangu utotoni, kama ninavyosikia jogoo. Sikuwahi kuuliza kazi yake.

"Kitabu kimesema anayeanza aziache, bibi. Ni pambo tu."

"Aliyeandika kitabu hicho hajazika mtu." Mikono yake ilikuwa tayari inakusanya vitu vyake. "Ule mvumo ndio unaowafukuza pepo wabaya. Ukimwita mtu wako bila mvumo, haji peke yake. Ishushe."

"Neno moja tu, bibi, kisha nashusha."

"Ishushe, Lolo."

Uzi ukatikisika.

Mara moja... mara mbili... mara tatu. Haukuwa upepo. Upepo hauhesabu.

Nikasogeza sikio. Uzi ulikuwa umelowa, wa baridi, unanuka udongo uliofukuliwa leo. Na ndani yake, kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya ukuta...

"Lolo?"

Sauti ile niliishi nayo miaka ishirini na sita.

"Zenaida. Nisamehe. Siku ile sikuwepo..."

"Hukuwepo wapi tena?" Alikuwa na furaha. "Si umekuja kunipokea? Si ndiwe umenishika mkono?"

Nikatazama mikono yangu.

Yote miwili ilikuwa kwenye uzi.

"Zenaida, huyo si mimi."

"Mkono wako una baridi, Lolo. Umesahau koti tena?"

"Mwachie. Mwachie mkono, mke wangu."

Nikasogeza sikio tena kwenye uzi.

Kisha mtu akacheka kule juu. Kicheko kinene, cha jukwaani, cha kufika mpaka viti vya nyuma. Nakijua. Kimenilisha maisha yangu yote.

Ni changu.

"Nisamehe, mke wangu," ikasema sauti yangu. "Nilichelewa."

"Nilikusamehe zamani," akajibu Zenaida.

"Basi twende nyumbani."

"Haya."

Uzi ukalegea. Nilipogeuka, Bibi Tránsito alikuwa amepiga magoti, mtandio ameufunga masikioni, macho ameyafumba.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nikawasha taa zote, nikaacha mlango wazi, nikaketi hadi kulipokucha. Kwetu hakuja mtu.

Tiara nayo haikuanguka. Tuliitafuta mashambani siku tatu, mimi na Chepe, na siku zote tatu Chepe hakuwa na mzaha hata mmoja. Sasa jioni ananifundisha kuchana karatasi za kuvuma. Anasema mwaka ujao nimwite Zenaida tena, mvumo utamfukuza yule mwenye sauti yangu.

Nami nachana... nachana. Ila sijamwambia Chepe ninachoogopa. Yule akifukuzwa, atakimbia amemshika mkono. Na Zenaida hatauvuta mkono wake. Kwake yeye, huyo ndiye mumewe aliyekuja.

Nikimwita mimi kutoka huku chini, atamuuliza mwenziwe: yule anayepiga kelele ni nani?